Bursa, hiki kijistari cha C- kinauzwa laki moja na ishirini. Ninunue?

Mzee Bursa,

Pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni fundi wa nguo. Kazi inayonilisha ni sare za shule: sketi, kaptura, na sweta ninazonunua kwa jumla kisha nashonea nembo. Januari huwa silali. Kwa hiyo shule nazijua kwa rangi, lakini mambo ya ndani ya ofisi zao siyajui, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyekaa dirishani.

Binti yangu wa kwanza alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akapata C-. Biolojia alipata C, Kiswahili B-. Tangu akiwa darasa la nne anasema atakuwa nesi, na kosa langu ni kwamba nilimwamini kabla ya matokeo kutoka. Nilinunua mita tatu za kitambaa cheupe, kile kizito kisichoonyesha ndani, nikakiweka rafu ya juu kabisa. Bado kiko pale, hakijakatwa.

Matokeo yalipotoka tukaambiwa diploma ya uuguzi inataka C. Mzee mmoja wa kanisa letu akanivuta kando baada ya ibada, akasema ana mtu katika chuo kimoja cha kibinafsi. "Hiyo minus ni kijistari tu, fundi. Kinafutika."

Tulikutana hotelini, watu watatu, chai na mandazi kwa pesa yangu. Jamaa wa chuo alikuja na faili ya plastiki. Akatoa barua ya kuitwa chuoni, jina la binti yangu limeshachapwa, majina yote matatu, kozi ya diploma ya uuguzi, stempu na sahihi. Alinipa nikaisoma mpaka mwisho, kisha akaichukua mkononi mwangu polepole akairudisha kwenye faili. Akasema ni laki moja na ishirini, mbali na karo. Nikauliza ni ya nini. Akasema ni ya kufungua nafasi. Nikauliza kama nitapata risiti. Mzee wa kanisa akanikanyaga mguu chini ya meza, akacheka, akasema, "Mkono mtupu haulambwi."

Nilituma 20,000 palepale, "ya kuonyesha nia", kwa namba niliyotajiwa. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Nikaweka pini.

Laki iliyobaki inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Mama watoto anataka tuuze ng'ombe aliye kwetu Seme. Mnunuzi ametaja 60,000. Shemeji yangu, dereva wa lori huko Nakuru, ameahidi 40,000, na yeye ndiye anayesukuma zaidi. Anasema kila mtu analipa, hata Wazungu wanalipia watoto wao vyuo, na mimi najifanya mtakatifu huku mtoto amekaa nyumbani.

Binti hajui kitu. Anajua tu kwamba baba anafuatilia. Jana alikuwa kibandani akinisaidia kushona vifungo, akaniuliza bila kuinua macho, "Baba, hiyo C- wameikubali kweli?" Nikamwambia amalizie vifungo.

Nimalizie kulipa au niache? Na nikiacha, 20,000 yangu nitaipataje? Mahubiri ninayo ya kutosha kila Jumapili. Nataka kujua mtu aliyefanya kazi ndani ya ofisi angefanya nini.

Fundi wa Kondele, Kisumu

*

Fundi,

Barua yako nimeirukisha foleni kwa sababu ya hiyo Ijumaa, na sijakutoza kitu.

Usimalizie. Jela ipo na nitaitaja, lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekuambia hivyohivyo, maana unauziwa kitu ambacho muuzaji hana. Ni kama mlinzi wa duka akuuzie ruhusa ya kuingia benki ya jirani. Geti lake atakufungulia, utapita ukimshukuru, kisha utafika kwenye geti la pili umkute mlinzi asiyekujua.

Geti la pili manesi wanaliita indeksi. Chuo cha uuguzi kikishapokea wanafunzi, lazima kila mmoja aandikishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya apewe namba yake ya indeksi, na Baraza hutazama matokeo ya KCSE yenyewe, si barua ya chuo. Kwa diploma, ile wanayoiita KRCHN, linataka C ya jumla, tena C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, pamoja na kiwango chake katika somo jingine la sayansi au hisabati. Binti yako Biolojia anayo, Kiswahili anacho cha kuzidi. Kinachomzuia ni hicho kijistari, na huyo jamaa wa faili ya plastiki hana kifutio chake. Asiye na indeksi hafanyi mtihani wa leseni wa Baraza, na asiye na leseni hawezi kuajiriwa kama muuguzi katika hospitali yoyote inayofuata sheria, ya serikali wala ya kibinafsi.

Sasa fikiria inavyokuwa. Binti anaanza masomo, unalipa karo, ananunua viatu vyeupe, anapiga picha. Wenzake wanapata namba za indeksi. Yake "inashughulikiwa". Muhula unapita. Unapiga simu, unaambiwa kuna kitu kidogo cha kusukuma faili Nairobi. Unatuma. Muhula mwingine. Kufikia hapo umeshalipa karo nyingi kiasi kwamba kuacha kunauma kuliko kuendelea, na wao wanajua hivyo. Ile laki na ishirini ilikuwa kiingilio tu.

Au watakuja na njia ya pili: karatasi ya matokeo "isafishwe". Hapo fundi, simama. Hongo itakuwa imegeuka kughushi, na jina lililo juu ya karatasi ni la binti yako. Baraza la mitihani, KNEC, lina matokeo yake halisi na mwajiri yeyote anaweza kuomba yathibitishwe. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imewapata watumishi 2,067 wenye vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa wamekaa kazini miaka. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, imekuwa ikiwapeleka watu wa namna hiyo mahakamani kuwadai mishahara yote waliyopokea, si ya mwezi mmoja.

Kuna jambo moja la ofisini ambalo wazazi hawalijui, nalo lingekuokolea hata pesa ya mandazi. Chuo cha kibinafsi kinaishi kwa karo. Kiti kitupu ni hasara kila muhula. Mimi nilimaliza kazi katika chuo, na kila mwezi kabla ya masomo kuanza tulikuwa tukihesabu viti kama mwenye matatu anavyohesabu abiria Kisumu steji, tukituma vijana wabandike mabango hadi kwenye miti. Mtoto aliyefikisha alama tulimpigia simu sisi. Mwenye chuo hawezi kumfukuza mteja wake kwa kumdai hongo. Basi ukiona mtu wa chuo cha kibinafsi anakuuzia "nafasi", jiulize kwa nini nafasi hiyo haijabandikwa kwenye mti. Ama anamwibia mwajiri wake, ama mwajiri na yeye wanakula pamoja kwa kuingiza watoto wasiofikisha alama, ama hana uhusiano wowote na chuo hicho na ile barua ameichapa saiba. Huu wa tatu usiudharau. KMTC, ambacho ni chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, hutoa onyo mara kwa mara kuhusu matapeli wanaouza barua zake, na barua hizo huwa na nembo nzuri tu.

Shule za upili za kibinafsi ni habari tofauti, na hapo mimi si malaika. Shule yenye jina ina foleni ya kweli: vitanda 60, waombaji 300. Hapo pesa inanunua kitu kilichopo, yaani kitanda cha mtoto wa mtu mwingine. Nilifanya kazi katika shule kama hiyo hapa Nakuru kwa miaka mingi, na tulikuwa na kitu tulichokiita "mchango wa maendeleo". Mzazi aliyekuja amechelewa, au mtoto wake amekosa alama kidogo, alielekezwa kwa mkuu, mlango unafungwa, kisha anatoka akiwa mpole. Jioni mkuu ananiletea bahasha. Nyingine aliniambia niandikie risiti. Nyingine aliniambia, "Hii iache kwanza." Niliiacha. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na nilijua mshahara wangu unatoka kwa nani.

Mwaka mmoja akaja mama mmoja, muuza viazi. Mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, deni 22,000. Alisimama dirishani kwangu akasema, kwa utulivu kabisa, "Bursa, si nilileta 30,000 ile Februari? Toeni humo, mnirudishie mtoto darasani na hiyo 8,000 iwe ya muhula ujao." Hesabu yake ilikuwa sawa hadi senti. Nikafungua leja mbele yake nikapitisha kidole kwenye ukurasa wa mwanawe, mstari kwa mstari, nikijua hakuna kitu. Yeye naye alikuwa akifuata kidole changu kupitia nondo za dirisha. Tulipofika chini ya ukurasa aliniangalia, hakusema neno, akaenda zake. Mtoto alirudi baada ya wiki tatu. Mpaka leo nikipita soko la viazi natazama upande mwingine.

Kwa hiyo uliposema umeuliza risiti ukakanyagwa mguu, nilielewa kila kitu kabla sijamaliza barua yako. Chuo kina haki ya kukutoza ada ya usajili, amana ya kurudishwa, pesa ya kitambulisho, hata ada kubwa kuliko jirani. Hizo huandikwa kwenye karatasi ya karo inayotolewa kwa kila mzazi, hulipwa benki au kwa namba ya malipo iliyo na jina la chuo, na hutolewa risiti. Pesa isiyoandikwa popote, inayokwenda kwa namba ya mwanamke usiyemjua, haiwezi kukatwa kwenye karo, haiwezi kurudishwa mtoto akihama, haiwezi hata kulalamikiwa. Umelipa hewani. Karo za shule za msingi na upili nazo zina sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka anayekusanya ada atoe risiti rasmi. Wanaojua haya ni wachache, nao mara nyingi si wale wenye kuuza ng'ombe.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Ni kweli Wazungu pia wamefanya. Mwaka 2019 Marekani walikamatwa wazazi matajiri kwa makumi, waliokuwa wakimlipa broka mmoja, William Singer, awapenyeze watoto wao katika vyuo vikuu vyenye jina. Nusu aliyoiacha ni kwamba walishtakiwa. Mmoja wao, mwigizaji Felicity Huffman, alilipa dola 15,000 ili majibu ya mtihani wa bintiye yarekebishwe. Akakiri, akahukumiwa siku 14 gerezani. Singer mwenyewe alipewa miaka mitatu na nusu. Lakini kilichonikaa mimi kichwani katika kesi ile ni kitu kidogo. Binti wa Huffman hakujua. Alipojua, alimuuliza mamake kwa nini hakumwamini. Mama mwenyewe ndiye aliyeliandikia hakimu jambo hilo. Nilipofika pale kwenye vifungo katika barua yako nilimkumbuka.

Hapa kwetu, Sheria ya Hongo ya 2016 haiishii kwenye ofisi za serikali. Inagusa na taasisi za kibinafsi, na inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea: hadi miaka 10 ndani, au faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Sikutishi. Nataka ujue kwamba ile 20,000 inaweza kusomwa kwa njia mbili, kwamba ulitapeliwa, au kwamba ulihonga, na tofauti itatokana na ukweli wa mlivyozungumza hotelini na utakachofanya kuanzia leo. Mimi ni bursa, si wakili. Kabla hujaandika taarifa popote, tafuta wakili, hata kwa saa moja, umweleze yote pamoja na ule mguu chini ya meza. Ukimficha nusu atakushauri nusu.

Kuhusu kuirudisha. Kwanza usifute chochote: ujumbe wa M-Pesa, simu zilizopigwa, hata zile salamu za asubuhi anazokutumia mzee wa kanisa. Omba taarifa ya M-Pesa ya siku ile ukaihifadhi. Usijaribu kudai kwamba ulikosea namba ili muamala ubatilishwe. Huo ni uongo mwingine, na utaonekana. Usimpigie jamaa kumtishia kwamba asiporudisha utamripoti, kwa kuwa kumtishia mtu ili akupe pesa kunaweza kukutia wewe matatani, hata kama pesa ni yako.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na ukianza na moja inaweza kuharibu nyingine. Ukitaka EACC ishughulikie, waone wao kwanza, kabla hujamwambia mzee wa kanisa, jamaa, wala chuo. Wana ofisi Kisumu, na namba yao ya bure ni 1551. Kwenye tovuti yao unaweza kuripoti bila kutaja jina. Jamaa anasubiri pesa Ijumaa, na mtu anayesubiri pesa ndiye wanayeweza kumnasa. Akishasikia minong'ono, namba ya yule mwanamke itazimwa na faili ya plastiki itahamia hoteli nyingine.

Njia ya pili ni kumwandikia mkuu wa chuo barua fupi ya heshima, usitaje hongo: unaomba karatasi rasmi ya karo, alama zinazohitajika kwa diploma ya uuguzi, na uthibitisho kama fulani ni mfanyakazi wao. Jibu likisema hawamjui, wewe ni mtu aliyetapeliwa. Nenda kituo cha polisi hapo Kondele uandikishe OB, yaani kwenye kitabu chao cha matukio, na kujipatia pesa kwa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hadi miaka mitatu. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, au mkuu akikupigia simu badala ya kuandika, basi umejua anakula na nani, na unarudi njia ya kwanza ukiwa na kazi ngumu zaidi. Mimi ningeanza na EACC. Lakini mimi sina mzee wa kanisa anayekaa benchi la mbele yangu kila Jumapili, na sitajifanya kwamba hilo ni jambo dogo Kondele.

Pesa yenyewe, fundi, iandike kwenye daftari lako upande wa hasara. Ikirudi, vizuri. Mahakama hazipendi kumsaidia mtu kudai pesa aliyoitoa kwa mpango uliokatazwa na sheria, na broka hawekezi akiba. Umepoteza 20,000. Hujapoteza 120,000, na ng'ombe bado ana jina lako.

Sasa binti, ambaye kwenye barua yako ana mistari michache kuliko jamaa wa faili.

C- si ukuta. Kuna kozi ya cheti ya uuguzi wa jamii, KECHN, ambayo hupokea C-, na aliyeimaliza na kufanya kazi anaweza kupanda hadi diploma baadaye. Si vyuo vyote vinavyoifundisha, kwa hiyo angalia kwanza orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Baraza, iko kwenye tovuti yao, na uwapigie uthibitishe masharti ya mwaka huu kabla hujalipa hata ada ya fomu. Njia nyingine ni kurudia KCSE kama mtahiniwa binafsi. Aliyekosa kwa kijistari hayuko mbali, na najua watu waliofanya hivyo wakiuza duka mchana. Njia ya tatu ni kuacha uuguzi. C- inamfungulia diploma nyingi katika vyuo vya ufundi vya serikali, na mnayo Kisumu National Polytechnic hapohapo mjini. Maombi hupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu, ipo kwa wanafunzi wa vyuo hivyo, na basari mnaweza kuulizia pia. Chuo chochote cha ufundi cha kibinafsi atakachokitaka, tafuta jina lake kwenye orodha ya TVETA, mamlaka inayoidhinisha vyuo vya ufundi, kwanza. Kisipokuwepo, hata kikiwa na lifti, endelea na safari.

Njia ipi? Mwulize yeye. Mweleze yote, hata ile 20,000. Itakuaibisha kwa dakika kumi. Ana miaka ya kutosha kushona vifungo vyako na amekuuliza swali la mtu mzima. Tena swali lake lilikuwa bora kuliko yote mliyouliza hotelini nyinyi watatu. Ninashuku amekwisha kujua. Watoto wa mafundi huona nani ameingia kibandani na nani ametoka.

Mama watoto mzungumze wawili kabla ya shemeji kupiga simu tena. Ile 40,000 yake, kama kweli ni ya mpwa wake na si ya ushindi wa hoja, itafaa vilevile kwa karo ya kozi ya cheti, ikalipwa benki kwa jina la chuo. Mwombe hivyo uone atasema nini.

Na kile kitambaa kiache rafuni. Hata angeanza masomo Jumatatu usingekikata leo: kila chuo kina mshono wake na rangi yake, wewe unajua hilo kuliko mimi, na vipimo vya msichana wa umri wake vitakuwa vimebadilika kufikia siku atakapokuja kupimwa.

Bursa, Nakuru